Mwenyekiti Niliyemtoa kwa Siasa za Uholanzi

Watu hunishauri nimsamehe yule bwana. Wanasema miaka imepita, ana kisukari siku hizi, hata sauti imemshuka. Nami huwajibu: imshuke tu, alipokuwa nayo aliitumia juu yangu. Sijamsamehe, na siandiki haya ili msomaji anione mtu mwema. Naandika kwa sababu nilimtoa, na utamu wake bado ninao mdomoni.

Nianze na darasa, maana ugomvi wote ulikuwa wa darasa. Nilikuja Sydney na mume wangu tukitokea Tanga, na kwenye begi langu nilikuwa na cheti cha ualimu. Hapa hicho cheti hawakukitaka. Wakaniambia nianze upya, nikaona heri nisomee kuhudumia wazee majumbani mwao nipate kuishi. Kazi haikunishinda, lakini niliona hamu ya ubao inaniua. Nikawatazama watoto wetu, wa Kikenya, wa Kikongo, wa Kirundi, na wetu sisi wa pwani. Ukiwaambia njooni mle wanaelewa, wanakuja mbio, lakini majibu yote kwa Kiingereza. Basi nikakiendea chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili wa huku magharibi ya jiji, nikaomba tupewe ukumbi wa halmashauri kila Jumamosi asubuhi.

Nilianza na binti yangu na watoto wa jirani. Baada ya muda ukumbi ukajaa. Tuliimba, tulitegana vitendawili, tulicheza duka, huyu muuzaji yule mnunuzi, watoto wakabishania bei ya nyanya kwa Kiswahili mpaka wakatokwa jasho. Waliniita mwalimu. Wazazi wao wakaniita mwalimu. Hata kwenye duka tunaponunua unga wa sembe na mawese, mwenye duka alinipokea, "Karibu, mwalimu." Jina hilo nililipenda kuliko lile nililopewa na wazazi wangu, sioni haya kusema.

Halafu mume wangu akaondoka. Alihamia Perth na mwanamke mwingine, akaniachia binti na kodi ya nyumba. Haya ni mambo yanayotokea, na mimi nilijifunga kibwebwe nikaendelea na maisha. Jumamosi hata moja sikukosa darasa.

Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa Mkenya, msimamizi wa zamu kwenye ghala moja kubwa kule Wetherill Park. Kutwa alisimama mbele ya watu waliovaa vizibao vya kung'aa akiwaambia nani aende wapi, na jioni akija kwetu alituendesha vilevile. Alikuwa mkubwa wa umbo, mcheshi akitaka, na alikikalia kile kiti miaka mingi mno hata baadhi ya watoto walidhani Mwenyekiti ndilo jina lake. Mikutano haikuanza mpaka afike, naye hakufika mpaka watu wachoke kumngoja.

Siku ya mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka, mzazi mmoja alisimama akaomba darasa liongezwe siku, watoto waje na Jumapili. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nimevaa dera langu jipya, natabasamu. Mwenyekiti akanyanyuka polepole, akavuta suruali juu ya tumbo.

"Wacha tuambiane ukweli," akasema. "Hapa sisi ni familia. Huyu mama nyumba yake imemshinda, bwana ametoroka. Sasa yeye ndiye atatutunzia watoto? Mimi naonelea tumpatie mapumziko kidogo. Shemeji yangu ako tayari kushika darasa."

Watu wakacheka. Si wote, nakubali. Lakini waliocheka niliwaona mmoja mmoja, na mpaka leo nikikutana nao sokoni Flemington nakumbuka meno yao. Nilitaka kusimama nijibu, miguu ikakataa. Mtu anakuvua nguo mbele ya ukumbi mzima halafu anaomba ajenda inayofuata! Na ajenda iliyofuata ilikuwa nani ataleta viti vya plastiki kwenye sherehe ya Krismasi.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa anapitisha sinia la sambusa kati ya safu za viti, na alisikia yote. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alikaa kiti cha nyuma. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake kilekile, ni nani niliyeshindwa kumtunza. Akauliza tena: ni yeye mwenyewe?

Nilisimamisha gari kando ya barabara nikamkumbatia, nikamwambia yule bwana ni mjinga. Lakini ndani ya moyo niliapa. Wallahi, nilijiambia, darasa langu nitalirudisha na yeye kwenye kile kiti atatoka, na nitakuwepo ukumbini namwangalia usoni wakati anatoka.

Kuapa ni rahisi. Nilikuwa sina hata pa kuanzia. Sisi watu wa pwani, wa Mombasa, Zanzibar na Tanga, ndio tulikuwa wachache kuliko wote chamani. Wakenya wa bara ndio walikuwa wengi, na mwenyekiti aliwashika vizuri. Wakongo walikuwa wa kutosha, Warundi nao wa kutosha, lakini hao wawili hawakusalimiana, kwa sababu za huko kwao ambazo mimi sizijui na sikuthubutu kuuliza. Shemeji mtu akachukua darasa langu. Akawa anawawashia watoto katuni za Kiingereza, yeye amekaa pembeni anachezea simu. Mimi namwona kwa dirisha la mlango, nimekuja kumleta mtoto, nageuka nakwenda zangu kazini huku nimeuma meno.

Kazini nilikuwa na mzee mmoja Mholanzi. Alikuwa amepita miaka themanini na tano, amemfuata binti yake Australia zamani, mkewe amefariki, magoti yamekufa, lakini kichwa kinawaka. Nilimwogesha, nikampa dawa, kisha tukakaa mezani kunywa kahawa. Na hapo nilionja ubahili wa kwanza wa aina yake: anafungua kopo la biskuti, anakupa moja, anafunga kopo. Moja! Mimi niliyelelewa mahali ambapo mgeni anasukumiwa sahani mpaka aombe radhi. Siku ya kwanza nilidhani ananichukia, kumbe ndio adabu ya kwao.

Enzi zake kule kwao mzee huyu alikuwa katibu wa tawi la chama cha wasoshalisti katika mji wake mdogo, na hakuwa na hadithi nyingine. Wazee wenzake wanakuhadithia wajukuu, yeye anakuhadithia vyama. Mwanzoni nilimwitikia tu, mm, mm, akili iko kwa mwenyekiti.

Alinieleza kwamba zamani nchi yao ilikuwa moja lakini watu wake waliishi kama wamejengewa kuta. Wakatoliki kivyao, Waprotestanti kivyao, wasoshalisti kivyao, na waliberali nao, matajiri wa mjini, kivyao. Kila kundi lilikuwa na chama chake cha siasa, na nyuma ya chama kulikuwa na shule yake, gazeti lake, redio yake, hospitali yake, timu yake ya mpira. Mkatoliki alinunua mkate kwa mwokaji Mkatoliki, hata kama wa mlango wa pili alioka mzuri zaidi. Wafugaji mbuzi wa Kikatoliki nao walikuwa na chama chao.

"Na mbuzi walibatizwa?" nilimuuliza.

"Mbuzi hapana," akajibu bila kucheka. "Ilitosha mwenye mbuzi."

Akaniambia Waprotestanti wenyewe waligawanyika makundi juu ya makundi, kila moja na kanisa lake, na kwamba kanisa moja lilipasuka kwa kubishana kama nyoka wa bustani ya Edeni alitamka maneno kwa mdomo wake au la. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Nikamwambia, "Na nyinyi ndio mnaotuambia sisi Waafrika tuna ukabila?" Hapo naye akacheka, meno ya bandia yakamcheza.

Ilikuwa mwaka 2017, na nchi yake ilikuwa ndiyo imemaliza uchaguzi. Asubuhi hadi jioni alikuwa kwenye kishikwambi anasoma magazeti ya kwao. Vyama kumi na vitatu vimeingia bungeni, kikiwemo kimoja cha kutetea wanyama na kimoja cha wazee. Chama chake cha zamani kimeporomoka vibaya. Nikamuuliza swali la mtu asiyejua: basi nani ameshinda, nani rais?

Aliniangalia kwa huruma. "Hakuna aliyeshinda," akasema. "Kwetu hakuna chama kilichowahi kufika nusu peke yake. Kura zikishahesabiwa ndipo kazi inaanza. Wanaanza kuongea, nani akae na nani. Inachukua miezi." Na kweli mwaka ule ilichukua miezi saba.

Kisha akanihadithia kisa kilichomuuma. Katika miaka ya sabini chama chake kilipata viti vingi kuliko chama chochote, vingi kuliko vyote kilivyowahi kupata. Tawini kwake walicheza mpaka wakavunja meza. Walijua serikali ni yao. Wakawa wanadai: wizara hii tunataka, na ile pia, na fulani asipewe kitu. Wakristo waliokuwa wanaongea nao, Wakatoliki na Waprotestanti ambao sasa walikuwa wameungana, wakachoka. Miezi ikapita. Mwisho kiongozi wa Wakristo na kiongozi wa waliberali wakaketi mkahawani wakala chakula cha jioni pamoja, na walipomaliza kula, serikali ikawa imepatikana, ya kwao wawili.

"Sisi wengi kuliko wote tukabaki nje," mzee akasema. "Walikula chakula cha jioni!" Miaka arobaini imepita na bado alikitaja kile chakula kama mtu aliyelishwa sumu.

Nilikuwa nimeshika taulo. Nikaliweka chini nikavuta kiti.

"Hebu rudia hapo," nikamwambia.

Maana katiba ya chama chetu ilikuwa ya namna hiyohiyo, na aliyetusomea alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Wanachama hawakumchagua mwenyekiti moja kwa moja. Kila kundi lilichagua wajumbe wake kwa kadiri ya wingi wa watu wake, halafu wajumbe wakakutana kumchagua mwenyekiti. Wakenya walileta wajumbe wengi kuliko kundi lolote, na kwa mazoea sisi wengine tulinyoosha mikono tukaenda kula. Lakini wingi wao haukufika nusu. Haukuwahi kufika nusu! Miaka yote ile tulikuwa tunaogopa kivuli, na hakuna aliyekaa akafikiria, kwa sababu kwetu tunaamini mwenye wengi ndiye mwenye mali. Mwenyekiti aliamini hivyo zaidi yetu.

Uchaguzi wa wajumbe kwetu ulifanyika mwezi wa tatu, ule ule wa uchaguzi wa Uholanzi. Wakenya wakapata wao, Wakongo wao, Warundi wao, na sisi wa pwani tukapata wetu wawili, mimi nikiwa mmoja. Jumapili iliyofuata mwenyekiti akawaalika watu wake bustanini kuchoma nyama na kusherehekea kiti ambacho hajapewa bado. Picha zikatumwa kwenye kundi la simu, yeye kati, ameshika koleo la nyama, vidole viwili juu. Kura ya mwenyekiti ilikuwa ifuate karibuni. Lakini paa la ukumbi likaanza kuvuja, halmashauri ikaufunga kwa matengenezo, na kikao kikasogezwa mpaka mwezi wa kumi. Lile paa niliombea dua.

Mzee Mholanzi alifurahi nilipomweleza, akafurahi kama aliyeletewa mjukuu. Aliniuliza jambo moja tu. "Unataka kutawala, au unataka kumtoa?"

"Nataka darasa langu, na nataka kumtoa."

"Hayo ni mawili," akasema, akafunga kopo la biskuti.

Sasa niseme namna sisi tunavyofanya mambo yetu, maana hapo ndipo mwenyekiti alipokosea. Kwetu huendi nyumbani kwa mtu ukamwambia nipe kura. Unakwenda kwenye msiba. Unakwenda kwenye arobaini, unakwenda kumwona mzazi, unakaa, unakula kinachopikwa, unaosha masufuria. Neno lako linakuja mwisho, ukiwa unatafuta viatu mlangoni. Mwenyekiti alikuwa ameyajua haya zamani. Ukubwa ukamsahaulisha.

Baridi ya mwezi wa sita mzee mmoja wa Kikongo, kiongozi wa wajumbe wao, alifiwa na mkewe. Nilikwenda siku ile niliyosikia na nikaenda tena kila nilipotoka kazini. Nilikuna nazi, nilikata vitunguu, nilikaa chini na wanawake wao nikaitikia nyimbo nisizozijua. Mwenyekiti alituma picha ya mshumaa kwenye simu.

"Mama," mzee alinishika mkono siku ya mwisho ya matanga, "président wetu alinitumia mushumaa ya simu. Mimi nilimuchagua ule mutu mara ngapi? Vraiment, kweli kabisa, hata soda moja hakuleta."

Nilimwambia pole tu, nikaaga.

Kwa Warundi kiongozi alikuwa mama mmoja wa umri wangu, aliyeishi Macquarie Fields kwenye nyumba za serikali, akisafisha maofisi ya mjini. Kwake mwenyekiti alikwenda, tumpe haki yake. Mama wa watu alipika isombe, kisamvu cha kwao, tangu asubuhi, akatandika kitambaa mezani. Yule bwana akaketi ukingoni mwa kiti na funguo za gari mkononi, akasema ameshiba, zamu inamngoja, akaacha chupa mbili za soda akaondoka. Mama yule alinihadithia huku ananijazia sahani. Nilikula ile isombe nikaongeza, nikaongeza tena, na wallahi sikula kwa hila, ilikuwa tamu.

Miezi hiyo yote mzee wangu kule mezani alinifuatilia. Nikifika tu: haya, vyama vyenu vinasemaje? Nami nilimuuliza vya kwake vinasemaje. Kwake vyama vinne vilikuwa vinavutana, na kimoja kikikasirika wanaanza upya. Tulishindana nani atamaliza kwanza.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa nikawaalika wote wawili kwangu, Mkongo na Mrundi, siku moja, bila kumwambia huyu kwamba yule anakuja. Nilipika pilau la nyama ya mbuzi na kachumbari na mbatata za urojo. Walipokutana mlangoni kwangu, kila mmoja akageuka kutafuta viatu vyake. Nikawaambia, "Jamani, mimi ni mwanamke peke yangu na sufuria hili ni kubwa, mnataka nilimwage?" Wakaketi. Walikula bila kutazamana mpaka mzee akamsogezea yule mama bakuli la pilipili, na mama akasema ahsante.

Baada ya kula nikasema langu: makundi yetu matatu yakiungana tunawazidi Wakenya. Hesabu waliielewa, nilipoitamka tu waliangaliana. Mzee alisema yeye yuko tayari kukalia kiti kama tutamuunga mkono. Hilo nililitarajia. Nikamgeukia mama.

"Na sisi tunataka darasa," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia darasa ndilo langu, ndilo lililonifanya niwapikie.

"Najua," akasema. "Na darasa lihamie Macquarie Fields, kule watoto yetu ni wengi. Na mimi nifundishe. Kule kambi ya wakimbizi Kigoma nilifundisha miaka yote, dada. Watoto mia katika banda moja. Watu walikuwa wananiita mwalimu njia nzima. Hapa nimefika, napangusa meza za watu, hakuna mtu anajua. Wewe umekaa na hilo darasa, sisi tulikuwa tunakuona. Yule alikunyang'anya, ni kweli. Lakini mimi sikupata hata cha kunyang'anywa."

Nilimchukia, nisiseme uongo. Nilimchukia kwa sababu kila alichosema kilikuwa changu. Hata nilivyosema mimi moyoni nikimtazama shemeji mtu kwa dirisha la mlango, ndivyo yeye alivyosema. Nikatoa vyombo mezani, nikawaambia nitafikiri. Jikoni nilifungua bomba nikaacha maji yatiririke, nisisikike.

Siku iliyofuata nilimweleza mzee. Nilitaka aniambie ni dhuluma, nisikubali.

"Ule mwaka wa kile chakula cha jioni," akasema, "viongozi wetu waliyaleta mapatano mbele ya chama. Kulikuwa na jina moja tu, wizara moja tu, ambayo ilitubidi tuiachie. Matawi yakapiga kura. Mimi nilinyoosha mkono kukataa." Akaniangalia. "Mkono huu. Nilikataa kuachia wizara moja, wakatutoa tukakosa zote. Na yule wa waliberali akacheka usoni kwetu miaka minne."

"Kwa hiyo nikubali?"

"Mimi sijui. Ila uliniambia unataka kumtoa. Sasa umeambiwa bei."

Nilikwenda nyumbani na treni, nimebanwa kati ya watu na mikoba yao, nikawaza. Nikimkatalia yule mama, mwenyekiti atarudi kitini, shemeji mtu ataendelea na katuni zake, na mimi nitakuwa ni yuleyule aliyechekwa. Nikikubali, darasa litapata mwalimu wa kweli, na mwalimu huyo hatakuwa mimi. Nilitafuta njia ya tatu mpaka kituo cha mwisho. Haikuwepo. Halafu nikaikumbuka sauti ya mtoto nyuma ya gari ikiniuliza: ni mimi? Nikatoa simu pale pale kituoni, nikampigia yule mama.

"Darasa ni lako," nikamwambia. "Lakini siku ya kura mje mapema, wote."

Walikuja. Mwezi wa kumi, ukumbi unanuka rangi mpya, Wakongo wamevaa suti, Warundi wameketi jirani yao, sisi wawili wa pwani tumekaa katikati. Mwenyekiti alichelewa kama desturi. Alipoingia, shemeji yake alikuwa nyuma yake amebeba keki, imeandikwa kwa rangi ya waridi: Hongera Mwenyekiti. Aliiweka mezani mbele yetu.

Msimamizi wa uchaguzi akauliza majina ya wagombea. Wakenya wakalitaja la kwao. Nikasimama mimi, na safari hii miguu ilinibeba, nikalitaja jina la mzee wa Kikongo. Mwenyekiti alicheka. Akawapungia mkono watu wake kama kusema huyu mama tena. Kisha mikono ikanyooshwa.

Nilikuwa nimeahidi kumtazama, na nilimtazama. Nilimtazama kama mtu aliyefunga kutwa anavyoitazama futari. Kwanza alihesabu akitabasamu. Akafika kwa Warundi, tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaliacha. Akahesabu tena, kidole kinamwendea hewani. Akasema hesabu si sahihi. Ikahesabiwa upya. Akasema sisi ndio wengi, watu wetu ndio wengi hapa, na msimamizi akamjibu kwa upole kwamba katiba ndiyo hiyo, na yeye ndiye aliyetusomea. Akakaa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mtu mkubwa vile, akawa anatafuta mahali pa kuweka mikono yake. Loh, nilishiba!

Alinikuta nje kwenye maegesho, binti yangu ameshaingia garini. Alikuja mpaka karibu.

"Madam, umenifanyia siasa," akasema. "Sawa. Lakini nimesikia darasa wamepewa wale wa Macquarie Fields. Sasa wewe umepata nini?"

"Safari hii darasa sikunyang'anywa," nikamwambia. "Nimelitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, ili wewe utoke. Ningekuwa na la pili ningelitoa nalo."

Akaenda kwenye gari lake. Ile keki iliachwa ndani na watoto wakaila.

Jumatatu mzee Mholanzi hakuniuliza nani ameshinda. Aliniuliza uso wa mwenyekiti ulikuwaje. Nikamweleza tangu mwanzo. Akaniomba nirudie pale pa kuhesabu mara ya pili, nikarudia, naye akafumba macho akisikiliza. Wiki hizo hizo serikali ya kwao nayo ilipatikana, vyama vinne, chama chake hakimo. Alisema hata kama hakimo, amefurahi kuona mtu mmoja duniani ameshinda kwa ile hesabu.

Jumamosi ya kwanza nilimpeleka binti yangu Macquarie Fields. Yule mama alikuwa ameshafika, amevaa kitenge kizuri, amekwishaufuta ubao. Watoto walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwa nao. Alinikaribisha ndani niketi mbele, akawaambia watoto wanisalimie, nikamwambia hapana, leo ni siku yako. Wakaanza kuimba. Binti yangu aliimba kwa sauti, nilimsikia, na alipoulizwa swali alijibu kwa Kiswahili, na akasema, "Ndiyo, mwalimu." Roho iliniuma mpaka nikashika ukuta. Nikamkumbuka yule bwana anahesabu kwa kidole, nikajua ningefanya tena. Kisha mlango ukafungwa, nami nikasimama nje na wazazi wengine kungoja darasa liishe.